Ziwa hili trauti wanono, lile wembamba: uvuvi wa nzi bandia katika visiwa vya Uskoti

Kisiwa cha South Uist, katika safu ya visiwa vya Outer Hebrides magharibi mwa Uskoti, kina barabara kuu moja inayokipasua kutoka kaskazini hadi kusini. Ukiifuata kuelekea kusini, kulia kwako una uwanda wa nyasi na bahari ya Atlantiki. Kushoto una milima ya Hecla na Beinn Mhòr, huu wa pili ukifika mita 620. Kote kuwili kumetapakaa maziwa madogo. Tupa mshipi upande wa kulia, mathalani katika ziwa la Loch Bornish, na ukibahatika utatoa samaki aitwaye trauti, wa nusu kilo au zaidi, mwili mpana, ubavu wa rangi ya dhahabu wenye madoa meusi na mekundu. Vuka barabara, panda kilima, tupa mshipi uleule: watakuja wengi, tena kwa pupa, lakini ni weusi na hawazidi sana urefu wa kiganja.

Wote ni spishi moja, Salmo trutta, na hakuna mtu aliyewapandikiza. Iweje basi mwendo wa saa moja kwa miguu utenganishe samaki wanaofanana na matajiri na maskini wa ukoo mmoja?

Mazungumzo ya uvuvi huu wa nzi bandia kwa kawaida huanzia kwenye nzi wenyewe, yaani ndoano ndogo zilizovishwa nyuzi na manyoya ya ndege zikafanana na wadudu. Watu hubishana kuhusu rangi, saizi na majina mpaka chai inapoa. Kwangu mimi huko ni kuanzia mkiani. Mengi yanayoamua utapata nini yalikwisha kuamuliwa na jiwe, mchanga na upepo kabla hujafungua mkoba wa vifaa.

Tuanze na jiwe. Sehemu kubwa ya visiwa hivi imekaa juu ya naisi, mwamba mgumu ambao umri wake katika baadhi ya sehemu unakaribia miaka bilioni 3. Mvua hunyesha juu yake na kutiririka bila kuchota madini ya maana. Juu ya mwamba huo kuna tabaka la mboji nyeusi iliyolowa, mabaki ya mimea yasiyooza sawasawa kwa sababu ya baridi na maji, ambayo wenyeji huikata vipande, wakaianika na kuichoma majumbani mwao badala ya kuni. Maji yanayochuja kutoka kwenye mboji huingia ziwani yakiwa ya kahawia na yenye asidi. Katika maji ya namna hiyo konokono hapati cha kujengea gamba, kamba wadogo wa maji baridi huwa adimu, na mwanga haufiki mbali, kwa hiyo mimea ya chini ya maji nayo ni haba.

Upande wa magharibi habari ni nyingine. Kwa maelfu ya miaka Atlantiki imekuwa ikisaga makombe ya kome na konokono wa baharini na kuyamwaga ufukweni, kisha upepo ukayapeperusha kuelekea bara mpaka yakatandaza uwanda unaoitwa kwa Kigaeli machair. Mchanga huo kwa sehemu kubwa ni makombe matupu, kitu kilekile ambacho watu wa Pwani yetu walikichoma tanurini kupata chokaa ya kujengea. Ziwa lililolala juu ya mchanga wa aina hiyo halina asidi. Maji yake ni angavu, hayana kina kirefu, jua linapenya hadi chini, na majani ya majini yanaota tele. Humo kamba wadogo wanazaliana, konokono wanajaa kwenye mawe, na trauti anakula bila kuhangaika. Hata rangi ya nyama yake inabadilika ikawa ya waridi, kwa sababu ya rangi iliyomo kwenye miili ya kamba hao.

Hiyo ni nusu ya maelezo, na vitabu vingi vya wageni huishia hapo. Nusu ya pili ni uzazi. Trauti hazai ndani ya ziwa kwa kawaida. Vuli inapoingia anapanda kijito, jike analalia ubavu na kuchimba changarawe kwa mkia, anataga, dume anarutubisha, kisha mayai yanafukiwa humo hadi majira ya kuchipua. Sasa weka mambo haya mawili pamoja. Ziwa la mlimani lina chakula kidogo, lakini limezungukwa na vijito vyenye changarawe safi. Kila mwaka linapokea watoto wengi kuliko linavyoweza kulisha. Ziwa la machair lina chakula kingi, lakini liko kwenye tambarare ya mchanga ambako kijito cha kufaa kinaweza kuwa kimoja tu, pengine kisiwepo kabisa isipokuwa mfereji unaounganisha ziwa moja na jingine. Watoto ni wachache, sahani ni kubwa. Ndiyo maana mvuvi wa machair anaweza kushinda mchana kutwa bila kuguswa, halafu jioni akapata samaki mmoja wa kusimulia mwaka mzima, ilhali mwenzake wa mlimani amewashika na kuwarudisha ishirini kabla ya chakula cha mchana.

Kumbe udogo si ujana. Yule mweusi wa urefu wa kiganja anaweza kuwa na miaka mitatu au minne na ameshazaa. Kwa maoni yangu anastahili heshima kuliko anayopewa, ameishi pagumu.

Yapo maziwa ya katikati. Loch Druidibeg, kaskazini mwa South Uist, lina visiwa vidogo vingi, na maji yake yanabadilika kadiri unavyotoka upande wa milima kwenda upande wa pwani. Utaliona jambo jingine pale hata kama hujabeba ufito wa kuvulia: visiwa vya ziwani vina vichaka na miti mifupi, ilhali nchi kavu inayolizunguka ziwa karibu haina mti. Kondoo wanaotafuna miche hawafiki visiwani humo.

Kuhusu walivyofika: zamani za barafu kuu Uskoti ilifunikwa, na barafu ilipoyeyuka maziwa haya yalikuwa matupu. Samaki wa maji baridi tu hawakuwa na njia ya kufika visiwani. Waliofika ni wale wanaomudu chumvi: samoni, mkunga, samaki mdogo mwenye miiba mgongoni, na trauti, ambaye hadi leo baadhi yao hushuka baharini, wakanenepa huko na kurudi wakiwa na rangi ya fedha. Yule anayekwenda baharini na yule anayebaki ziwani ni spishi ileile. Wanaweza hata kuwa ndugu wa tumbo moja. Maziwa mengine yalikuja kufungika kwa maporomoko ya maji, na waliobaki juu wakaendelea peke yao kwa maelfu ya miaka, kila ziwa na sura zake. Paiki, yule mla samaki wenzake anayesumbua maziwa mengi ya bara, hakuweza kuivuka bahari. Hiyo ndiyo maana ya neno mwitu linapotajwa trauti wa huku.

Msomaji wa Kenya ana haki ya kuuliza: si trauti huyuhuyu yuko Aberdare? Ni yeye. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza mayai yaliyotoka Loch Leven, ziwa la bara ya Uskoti, yakapandikizwa katika mto Gura. Baadaye wakatapakaa kwenye mito mingine ya Aberdare na Mlima Kenya, wakafuatwa na trauti wa upinde wa mvua wenye asili ya Amerika, ambao ndio wanaojulikana zaidi kwenye kituo cha kuzalishia samaki cha Kiganjo, karibu na Nyeri. Ila hapa lazima tuseme ukweli mzima. Samaki ambaye South Uist ni mwenyeji, kwingine duniani ni mvamizi: Salmo trutta yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi iliyotolewa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Anayevua Gura na anayevua Bornish wameshika samaki mmoja, lakini kwa upande wa mazingira hawafanyi jambo moja.

Wala kwa upande wa mbinu. Gura ni mto, na mtoni chakula hubebwa na mkondo. Trauti anajibanza nyuma ya jiwe akingoja aletewe. Ukishajua anapojibanza umemaliza nusu ya kazi. Ziwani hakuna anayeletewa. Trauti lazima atembee akitafuta, na mara nyingi hutembea kuelekea upepo unakotoka, kwa sababu upepo huwasukuma wadudu juu ya maji wakamjia usoni. Kwa hiyo swali la mvuvi wa ziwani si samaki kajificha wapi, ni njia yake inapita wapi. Jibu karibu siku zote ni pale ambapo maji hayana kina: kandokando ya mwambao, kuzunguka kisiwa, juu ya mwamba uliozama, mdomoni mwa kijito. Katikati ya ziwa la mlimani lenye kina kirefu panapendeza kupiga picha, lakini panafaa hilo tu.

Upepo basi ni nusu ya injini. Maji yakitulia tuli na jua likiwaka, samaki anaona kila kitu, pamoja na uzi wako na kofia yako. Upepo wa wastani huvunja uso wa maji, ukaficha mashua na kumfanya trauti ajiamini kupanda juu. Una faida ya pili ambayo mgeni huielewa ngozini: visubi wa Uskoti, wanaouma kwa makundi, hawawezi kuruka upepo ukizidi kasi ya takriban kilomita 11 kwa saa. Siku ya shwari, jioni ya Julai, kando ya ziwa la mboji, mtu mzima anaweza kukimbia na kuacha ufito wake chini. Upepo ukizidi mno nao ni balaa jingine, na Atlantiki haina adabu. Hakuna mti wa kuukinga.

Hapo ndipo ilipozaliwa namna ya kuvua inayotambulisha maziwa haya. Wavuvi wawili wanapiga makasia hadi mwisho wa ziwa upande wa joshini, kule upepo unakotoka. Wanaingiza makasia ndani, mashua inageuzwa ubavu kwa upepo, na wote wawili wanakaa wakitazama mbele, kule mashua inakoelekea. Kuanzia hapo upepo ndio nahodha. Ukisukuma kwa kasi mno, wanatupa majini mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba, unavimba chini ya maji na kuishika mashua isikimbie.

Kurusha nzi kunahitaji maelezo kidogo kwa mtu aliyezoea mshipi wa Pwani. Kwenye mshipi wetu chubwi ndiyo yenye uzito. Unaizungusha, inaruka, uzi unafuata. Nzi bandia hana uzito wa kusafiri hata mita mbili. Uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umepakwa plastiki na unaelea, na ufito wa mita 3 au zaidi kidogo unapinda na kuurusha. Mshipi unatupwa kwanza nyuma hadi unyooke hewani, ndipo unapelekwa mbele. Mwishoni mwake pana uzi mwembamba wa nailoni, na kwenye uzi huo nzi watatu: mmoja mwisho kabisa, mmoja katikati, mmoja juu, wakiachana zaidi ya mita moja moja. Mashua ni ndogo, ndoano ni tatu, upepo ni mkali. Kofia na miwani si mapambo.

Mrusho ni mfupi, mita nane au kumi, sawa na upepo unakoelekea. Kwa kuwa mashua inaufuata mshipi wako, mshipi unalegea wenyewe, na ni lazima uuvute kwa mkono wa kushoto bila kukoma ili tu usipoteze mawasiliano na nzi. Unavuta, unavuta, kisha unaanza kuinua ufito. Nzi wa juu, ambaye amevishwa manyoya mengi ya kusimama, anafika kwenye uso wa maji na kuanza kukwaruza mawimbi, akiacha alama nyembamba kama ya mdudu anayejikokota aruke. Nzi wawili wa chini wanamfuata kwa nyuma wakipanda. Hapo, mita tatu au nne kutoka mashuani, unasimamisha kila kitu kwa sekunde mbili tatu. Mgeni huona huu ni mwisho wa mrusho na kunyanyua ili arushe tena. Mwenyeji anajua ndio kwanza mambo yanaanza, maana mara nyingi trauti amekuwa akimfuata nzi kutoka mbali, na anapoona chakula kinasita chini ya paa la maji anaamua. Mwingine anapasua maji kwa kishindo; mwingine huoni chochote ila uvimbe kidogo kwenye wimbi, au mshipi kusita. Hukurupuki kuupiga ufito juu. Unaukaza tu.

Ndipo tufike kwa nzi wenyewe, na sitakaa sana. Majina yanayotajwa visiwani ni yaleyale: Bibio, Zulu, Kate McLaren, Soldier Palmer. Watatu wa kwanza weusi unatawala, na wa nne ni mwekundu. Mantiki yake ipo. Samaki anatazama kutoka chini kwenda juu, dhidi ya mbingu yenye mawingu, na kitu cheusi huonekana umbo lake vizuri zaidi. Wadudu wengi wanaopeperushwa ziwani nao ni weusi. Agosti, kwa mfano, vilima vikiwa vimefunikwa na maua ya zambarau ya heatha, kichaka kifupi cha vilimani, hutokea nzi mweusi mwenye mapaja mekundu, wa jenasi iitwayo Bibio, na upepo humwaga wengi majini. Nzi bandia wa jina hilo ni mweusi mwenye mkanda mwekundu kiunoni. Mapema zaidi ya hapo, Mei na Juni, wanaotawala ni wadudu wadogo wasiouma wanaototoka matopeni na kupanda juu ya maji kwa wingi, jamaa wa karibu wa wale wanaoinuka kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Kwa hao unapunguza saizi ya nzi, unapunguza mwendo wa mkono, basi. Mvuvi mwenye nzi kumi anaowaamini hana anachokosa kwa mwenye mia tatu.

Si lazima uwe na mashua. Maziwa ya mlimani huvuliwa kwa miguu, na kosa linalorudiwa sana ni kuingia majini hadi mapajani kabla ya kurusha hata mara moja. Trauti alikuwa hapo miguuni, kwenye maji ya magoti, akila. Simama mbali na ukingo, rusha kwa kuinama, tembea hatua kadhaa, rusha tena. Anayetembea humshinda anayesimama, kwa sababu samaki naye anatembea. Juni jua bado lipo saa nne usiku, kwa hiyo hakuna haraka.

Kisha kuna suala la nani mwenye samaki, ambalo huwachanganya hata Waingereza. Uskoti haina leseni ya jumla ya kuvua trauti kwa ufito kama ilivyo Uingereza kwenyewe. Unachohitaji ni ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi katika ziwa husika, na kwa kawaida unailipia. Haki hizo kwa muda mrefu zilikuwa za mabwana wa mashamba makubwa. South Uist ina kumbukumbu chungu za mabwana hao: mwaka 1851, enzi za Kanali John Gordon wa Cluny, watu wengi wa hapa walipakizwa merikebuni na kupelekwa Kanada. Lakini mwaka 2006 wakazi wenyewe, kupitia kampuni yao ya Stòras Uibhist, walilinunua shamba zima la ekari zipatazo 93,000, pamoja na visiwa jirani vya Benbecula na Eriskay. Haki za uvuvi walizonunua humo sasa ni za jamii. Mtu wa Laikipia au Loliondo anayefuatilia mijadala ya ardhi ataona kwa nini habari hiyo ilisafiri mbali.

Orkney, visiwa vya kaskazini, ni kisa kingine. Vilikuwa chini ya wafalme wa Norwe na Denmark hadi vilipowekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti mwaka 1468, na mabaki ya sheria za Kinorwe za umiliki wa ardhi yapo mpaka leo. Kwa mila hiyo, maziwa makubwa kama Loch of Harray huvuliwa bila kulipia kibali, ingawa wageni wengi hujiunga na chama cha wavuvi wa trauti cha huko, ambacho hutunza vijito vya kuzalia. Harray limeungana na Loch of Stenness, ambalo nalo hupokea maji ya bahari, hivyo hatua chache tu zinakutoa kwenye maji baridi na kukuingiza kwenye maji ya chumvichumvi.

Msimu wa trauti Uskoti nzima ni kuanzia 15 Machi hadi 6 Oktoba. Baada ya hapo wanaachwa wazae. Jumapili kuvua samoni, au trauti aliyetoka baharini, ni kosa kisheria. Trauti wa ziwani hajakatazwa, lakini Lewis na Harris, kaskazini mwa safu ya Outer Hebrides, ambako Waprotestanti washika Sabato ni wengi, kutoka na ufito Jumapili ni kuwakosea wenyeji. South Uist, kisiwa cha Wakatoliki, hawana ukali huo. Uliza ulikofikia kabla ya kufunga safari.

Na popote ulikotoka, iwe Norwe au Nyeri, osha na ukaushe vifaa kabla hujavigusisha maji ya visiwa: wavu, viatu, mshipi, kila kitu. Norwe tangu miaka ya 1970 imepoteza samoni wa mito mingi kwa kijidudu kiitwacho Gyrodactylus salaris, kidogo kisichoonekana vizuri kwa macho, ambacho husafiri kwenye wavu mbichi. Uskoti bado hakijafika. Kikikauka kinakufa, na maduka mengi ya vibali yatakuuliza lini na wapi ulivua mara ya mwisho.